Mrejesho: nenosiri la kiwandani kwenye kifaa cha mikutano ya video

Wakuu, niliuliza kama ni hatari kuacha akaunti ya admin ya kiwandani kwenye kifaa cha ukumbini. Ni hatari, tena kubwa. Ukurasa wa mipangilio ulifunguka kwa "admin" na nenosiri tupu. Anayeingia humo anageuza kamera, anafungua maiki na kuwasha kupokea simu kiotomatiki, kikao kikiendelea.

Kubadilisha nenosiri la wavuti pekee hakukutosha: SSH (njia ya kuingia kwenye kifaa kwa amri kutoka mbali) ilikuwa na lake, na telneti (njia kama hiyo ya zamani, isiyosimbwa), mlango wa mtandao 23, ilikuwa wazi. Telneti nimeizima, milango ya simu za video, 1720 na 5060, nimeifungia upande wa intaneti, kifaa kiko kwenye VLAN yake (sehemu ya mtandao iliyotengwa). Muhimu sana: ukikirudisha kwenye hali ya kiwandani, nenosiri tupu linarudi. Libadilishe kwa rimoti ya kifaa kabla ya kuchomeka kebo ya mtandao.