Ukoo wa Chumbageni: Nasri abaki kwotabeki au awe mpokeaji?

*Jumapili*

Mama Nasri: Asalaam aleikum ndugu zangu. Samahani kwa kuwasumbua, huku kwetu hata hakujapambazuka. Sijalala. Nasri alipiga simu usiku, kocha wake wa futiboli ya Kimarekani pale chuoni kamwita ofisini. Anataka aache ukwotabeki awe mpokeaji. Jibu analitaka Alhamisi.

Shangazi Muscat: Waaleikum salaam wifi, pole sana. Nieleweshe kwanza. Si timu ile ile na jezi ile ile?

Mama Nasri: Timu ile ile wifi, kazi ndiyo nyingine. Kwotabeki ndiye anayepewa mpira kila shambulizi linapoanza, yeye ndiye anaamua ampe nani. Mpokeaji anakimbilia mbele anasubiri kurushiwa.

Binamu Dar: Chukulia namba kumi na winga, shangazi. Ila kwao namba kumi ni mmoja tu na kila mpira lazima upitie mikononi mwake.

Shangazi Muscat: Ahaa. Basi wanamvua cheo mtoto!

Baba Nasri: Hakuna cheo hapo dada. Mimi nimeshamwambia akubali. Ada wanalipa wao. Kijana ana mbio, kocha kaziona mbio. Drafti, ile siku ligi ya kulipwa inapochagua vijana wa vyuo, nzima ni raundi saba, timu 32, na makwotabeki wanaochaguliwa kwa mwaka ni kumi na ushee. Wapokeaji ni mara mbili yao na zaidi. Nani anakataa mlango mpana akang'ang'ania tundu la sindano?

Mama Nasri: Baba Nasri, tulikubaliana tuwasikilize wakubwa kwanza.

Bibi 🎤 0:38

Binamu Dar: Kwa mlio kazini: Bibi anauliza mtoto anakula vizuri, halafu anasema Nasri tangu mdogo alikuwa anawapanga wenzake uani, huyu simama hapa, yule pita kule. Anauliza huko kwa kocha amefanya kosa gani.

Mama Nasri: Hajafanya kosa mama. Alianza mechi tano mwaka huu.

Mjomba Louisville: Nimeamka sasa hivi. Dada, nijibu jambo moja kabla sijasema kitu. Kocha huyu ndiye yule aliyekuja nyumbani kwenu akala pilau?

Mama Nasri: Siye. Yule aliondoka Desemba. Huyu wa mashambulizi ni mpya, na kaja na kwotabeki wake kutoka chuo alichokuwa.

Mjomba Louisville: Basi mzizi ndio huo. Si kwamba Nasri hajui kurusha. Aliyemwamini kaondoka, na aliyekuja kaja na mtoto wake.

Mjomba Louisville: Shemeji, hesabu yako ni ya kweli, siibishii. Lakini hawa wanaochaguliwa kama wapokeaji wengi wao wamefanya kazi hiyo tangu wana miaka kumi. Nasri ataanza leo, na miaka yake ya chuo imebaki miwili. Atakuwa mwanafunzi mpya kwenye darasa la watu wanaomaliza.

Binamu Dar: Mjomba kwa heshima, mimi nafundisha vijana mpira hapa Dar, na kuhama nafasi kumewaokoa wengi. Gareth Bale alianza beki wa kushoto. Na huko huko kwenu nimesoma habari za Julian Edelman: chuo cha Kent State alikuwa kwotabeki, timu ya New England wakamchukua 2009 wa 232, raundi ya saba, wakamgeuza mpokeaji. Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, ya Februari 2019 akawa mchezaji bora, mipira kumi, yadi 141.

Mjomba Louisville: Umesema kweli mwanangu. Ila angalia aligeuzwa lini. Chuo alikimaliza akiwa kwotabeki, waliomgeuza ni waajiri, wakiwa wameshamlipa, na walikuwa na mpango naye. Huku anayemgeuza Nasri ni mtu aliyekwishaweka wake kwenye kiti.

Mjomba Louisville: Dada mimi hili nimeliona kwa macho. Nilifika mji huu 2015, mwaka ule ule Lamar Jackson alianza chuo cha hapa. Vyuo kadhaa vilimtaka kwa mbio zake, mama yake akawa na neno moja tu: mwanangu ni kwotabeki. Kocha Bobby Petrino akampa ahadi hiyo. Ndipo akaja.

Mama Nasri: Mama yake aliongea na kocha mwenyewe?

Mjomba Louisville: Mwenyewe. Na Petrino hakumwachia kukimbia tu. Alimfundisha mfumo unaofanana na wa ligi ya kulipwa, kusoma ulinzi na kupanga watu wake kabla mpira haujaanza. Septemba 2016 tuliwapiga Florida State 63 kwa 20, nilikuwa uwanjani, sauti iliniishia. Mwaka huo akapata Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo.

Mjomba Louisville: Na bado! Drafti ya 2018 ilipokaribia, Bill Polian, meneja mstaafu anayeheshimika kuliko wengi, akasema kwenye televisheni kijana huyu awe mpokeaji. Lamar akakataa. Hata mbio za yadi 40 hakukimbia mbele ya wachunguzi, asije akawapa sababu. Makwotabeki wanne wakachaguliwa kabla yake, yeye akawa wa 32, wa mwisho raundi ya kwanza. Timu iliyomchukua, Baltimore, wakajenga mashambulizi yote kumzunguka. Msimu wa 2019 kura zote 50 za mchezaji bora wa ligi zikawa zake, na Polian mwenyewe akasema alikosea.

Shangazi Muscat: Allahu Akbar. Huyo mama Mungu amzidishie.

Baba Nasri: Shemeji, Lamar Jackson ni mmoja katika milioni. Usimpe mama yake ndoto. Mimi nikiwa barabarani na lori nasikiliza redio za michezo usiku kucha, najua majina ya wale ambao hawakufika popote.

Mjomba Louisville: Kweli, si wote Lamar. Basi tumwache Lamar. Chukua Joe Burrow. Miaka mitatu chuo cha Ohio State, pasi zote alizorusha kwenye mechi ni 39. Akahamia chuo cha LSU 2018, akamaliza msimu na tachidauni 16 za pasi, yaani magoli yao, kijana wa kawaida. 2019 akaletwa kocha wa pasi, Joe Brady, kutoka New Orleans Saints. Kijana yule yule, chuo kile kile, kocha mkuu yule yule. Tachidauni 60! Aprili 2020 akachaguliwa wa kwanza Marekani nzima. Mkono haukuota upya kwa miezi minane shemeji. Alipata mwalimu.

Mjomba Louisville: Na Jalen Hurts. Chuo cha Alabama kila mwaka kocha wa mashambulizi mpya, wakamweka benchi mapumziko ya fainali ya Januari 2018, nchi nzima inatazama. Akahamia Oklahoma kwa Lincoln Riley, na hakwenda kwa kubahatisha, maana makwotabeki wawili wa Riley waliomtangulia wote walichaguliwa namba moja, 2018 na 2019. Hurts alichaguliwa wa 53, na Februari 2025 akawa mchezaji bora wa Super Bowl.

Binamu Dar: Sasa mjomba, huyo mwalimu anamfundisha nini hasa ambacho mwingine hamfundishi? Maana kurusha ni kurusha.

Mjomba Louisville: Swali zuri, na hapa watu wengi hawapaoni. Vyuo vingi vinacheza haraka. Kijana anasimama hatua tano nyuma, anageuka kutazama benchi, makocha wanainua mabango yenye picha na namba, au tangu 2024 vyuo vikubwa wanamsemesha kwa redio ya helmeti, anafanya alichoambiwa. Anamtazama mpokeaji mmoja. Yuko wazi, anarusha. Hayuko wazi, anakimbia. Mechi mnashinda, magazeti yanaandika.

Mjomba Louisville: Akifika ligi ya kulipwa anasemeshwa kwenye helmeti, na redio inakatika zikibaki sekunde 15 za muda wa kuanzisha shambulizi. Baada ya hapo yuko peke yake. Lazima awaambie wenzake kumi mpango wenye maneno marefu kama anuani ya posta, aone nani anataka kumshambulia, ahamishe ukuta wake wa mbele, wale wanaomkinga, halafu asome wapokeaji watatu kwa mpangilio huku miguu yake ikifuata macho. Aliyekuwa akitazama mabango miaka minne anaanza hapo darasa la kwanza, na huko hawana subira.

Mjomba Louisville: Kwa hiyo mimi kocha namuuliza anamkabidhi kijana nini kichwani. Ukubwa wa uwanja haunihusu.

Shangazi Muscat: Mimi siujui mchezo lakini hili nimelielewa. Kuna fundi anakufundisha kushona, na kuna fundi anakupa kitambaa kilichokatwa tayari.

Mjomba Louisville: Ndiyo hasa, dada!

Baba Nasri: Kuna aliyekuwa mpokeaji akarudi kwotabeki?

Mjomba Louisville: Yupo shemeji. Ryan Tannehill, Texas A&M. Alicheza mpokeaji 2008 na 2009 lakini hakuacha kugombea ukwotabeki, na kocha wake Mike Sherman alijua hivyo. Katikati ya 2010 akapewa kiti. Alianza mechi 19 tu kama kwotabeki chuoni, akachaguliwa wa nane 2012 na Miami, na Sherman alikuwa ameshakwenda Miami kuongoza mashambulizi. Unaona? Kocha aliyemjua ndiye aliyemfungulia mlango mara mbili.

Mjomba Louisville: Kwa hiyo Nasri asijibu ndiyo wala hapana kwanza. Aulize mambo matatu. Moja, nikikubali, vikao vya makwotabeki nitaendelea kuingia? Mbili, leo mimi ni wa ngapi kwenye orodha yako? Tatu, mpango wako na mimi kwa miaka miwili hii ni upi? Aulize kwa adabu, ana kwa ana.

Mama Nasri: Nampelekea sasa hivi.

Baba Nasri: Sawa. Aulize. Lakini shahada haijadiliwi.

Mjomba Louisville: Hiyo tuko pamoja kabisa. Nimekaa na jambo hili tangu zamani shemeji, ndiyo maana linaniuma. Vijana weusi wamegeuzwa nafasi tangu enzi. Marlin Briscoe alianza kama kwotabeki Denver 1968, akacheza vizuri, mwaka uliofuata hakuna aliyempa kiti, akaenda Buffalo kuwa mpokeaji. Warren Moon alishinda Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, Januari 1978 na hakuna timu iliyomchagua. Alikataa kugeuzwa, akaenda Kanada, akachukua kombe mara tano mfululizo na Edmonton, ndipo Houston wakamfuata. Leo yuko kwenye ukumbi wa heshima. Mtu akimwambia Nasri "una mbio", namsikiliza kwa masikio mawili.

*Jumatano*

Nasri: Shikamooni wote. Mama aliniongeza kwenye kikundi jana, nimesoma yote tangu juu. Samahani Kiswahili changu cha kuandika si kizuri.

Shangazi Muscat: Marahaba baba! Kizuri sana, andika tu.

Nasri: Nilimuuliza kocha maswali ya mjomba. Hakukasirika. Vikao vya makwotabeki, alisema hapana, nitakaa na wapokeaji. Kwenye orodha, mimi ni wa nne. Mpango, alisema "nahitaji mbio zako msimu huu." Mwaka unaofuata hakusema kitu. Nilimshukuru kwa kuniambia ukweli.

Mjomba Louisville: Umefanya kiume mwanangu.

Nasri: Kuna chuo kidogo, daraja la chini ya letu. Kocha wao alinitaka nikiwa sekondari. Jana, kwa ruhusa ya watu wetu wa uhamisho, tuliongea kwa video karibu saa nzima. Hakuniuliza mbio hata mara moja. Alichora ulinzi kwenye ubao akauliza, mlinzi huyu wa kati akisogea hatua mbili kushoto, unafanya nini? Nikajibu. Akafuta, akachora mwingine. Swali la tano nilikosea akanionyesha kwa nini. Mjomba, tangu kocha wangu aondoke hakuna mtu aliyenifundisha kitu kipya mpaka jana.

Mama Nasri: 😭

Binamu Dar: Daraja la chini lakini wachunguzi wanafika huko?

Mjomba Louisville: Wanafika. Carson Wentz alitoka North Dakota State, daraja la pili, akachaguliwa wa pili 2016. Pale walikuwa wanacheza kama ligi ya kulipwa, kwotabeki anapanga mwenyewe. Josh Allen alitokea chuo cha miaka miwili, akawaandikia makocha barua pepe nchi nzima, Wyoming wakamchukua, na drafti ya 2018 akawa wa saba.

Nasri: Hakuna ahadi ya kuanza. Kasema nitashindana na mmoja. Mmoja tu.

Baba Nasri: Na ada?

Nasri: Hapo ndipo pagumu baba. Masomo yangu yote yanahesabiwa, nitamaliza kwa wakati. Lakini hawalipi yote. Kama robo itabaki kwetu kila mwaka.

Shangazi Muscat: Robo ni shilingi ngapi? Tuanze mchango.

Binamu Dar: Mimi nipo. Kidogo lakini nipo.

Mama Nasri: Jamani, ngojeni kwanza baba yake aseme.

Baba Nasri: Nasri, huyo kocha ana miaka mingapi pale?

Nasri: Tisa.

Baba Nasri: Na yule wa mashambulizi?

Nasri: Ni yeye mwenyewe. Anapanga mashambulizi yeye.

Baba Nasri: Basi hawezi kuondokewa na mwalimu. Nitumie hesabu kamili, karatasi waliyokupa. Nitachukua safari ya Laredo kila wiki mbili, nilikuwa naikataa. Dada, mchango wenu mtampa mama yake asafiri naye siku ya kuripoti, mimi nitakuwa barabarani.

Mjomba Louisville: Shemeji. Ahsante.

Nasri: Ahsante baba. Kocha anataka video kabla ya Ijumaa. Ninazo mechi zote tano, sijui kukata.

Binamu Dar: Nitumie leo, vijana wangu nawakatia kila wiki. Unataka zile mbio za yadi 60 zianze?

Nasri: Hapana kaka. Anza na zile nimesimama nyuma ya ukuta na watu wananijia. Ile ya robo ya tatu, namtazama wa kwanza, wa pili, namrushia wa tatu. Mbio weka mwisho.

Bibi 🎤 0:14

Binamu Dar: Bibi anauliza huko aendako ni mbali na baridi kuliko sasa, na nani atamnunulia koti.