Boxer 150: kufunga mkono mpya wa klachi na wa breki mwenyewe nyumbani

Mwanga_Juu (Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo. Pikipiki ni Boxer BM 150, breki ya mbele ni ya dramu, inavutwa kwa waya. Mkono wa klachi umekatika nusu. Wa breki umepinda kuelekea mbele, vidole vinaufikia kwa shida. Nina spana namba 10 mbili, bisibisi bapa, plaizi na grisi kidogo. Maswali:

1. Waya nautoa wote mpaka chini kwenye injini, au huku juu tu?
2. Mkono wa breki naweza kuunyoosha nikautumia?
3. Dukani kuna mkono wa pikipiki nyingine, muuzaji anasema unaingia kwenye Boxer. Nichukue?

Spana_Ujiji
Habari njema, ndugu. Nianze na la tatu kwa sababu ndilo linalowaponza wengi.

"Unaingia" halitoshi. Chukua mkono wa zamani, hata kama umebaki kipande, uulaze juu ya mpya. Tundu la bolti likae juu ya tundu la bolti, kisha tazama tundu linaloshika kichwa cha waya. Umbali kati ya matundu hayo mawili lazima ulingane. Ukiwa mfupi, hata kwa milimita 3 tu, mkono utakuwa mwepesi lakini hauvuti waya wa kutosha: klachi haiachii yote, gia zinagoma. Ukiwa mrefu, mkono unakuwa mzito na kiganja kinachoka. Angalia pia unene pale kwenye bolti. Mkono ukicheza juu chini ndani ya kishikio (kipande kilichofungwa kwenye usukani kinachobeba mkono), utakula tundu lake kwa muda mfupi.

La pili: usiunyooshe. Ile ni aluminiamu ya kumimina. Ukiupinda kurudi, ufa unaanza kwa ndani usiouona, halafu unakatika siku unayoubana kwa nguvu zote. Kuuchoma moto ni vibaya zaidi, maana aluminiamu haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka. Nunua mpya.

La kwanza: huku juu tu, ila ukague mpaka chini. Fuata hivi.

Weka pikipiki kwenye stendi kubwa. Vuta mpira unaofunika ajasta, yaani skrubu ya kurekebisha waya. Legeza ile nati nyembamba ya kufungia, kisha ingiza ajasta ndani yote hadi mwisho ili waya ulegee. Sasa tazama: ajasta ina mfereji, nati yake ina mfereji, na kishikio kina mfereji. Izungushe mpaka mifereji yote mitatu ikae mstari mmoja. Vuta ala ya waya (ganda lake la nje) nje kidogo, upitishe waya kwenye mfereji, kichwa chake kitatoka chenyewe. Kama bado umekaza, legeza ajasta ya chini kwenye injini. Kwa breki, ya chini ni ile nati kwenye mkono wa dramu ya gurudumu la mbele.

Ndipo ugeukie bolti. Chini ya kishikio kuna nati, ifungue kwanza huku umeshika kichwa cha bolti kwa juu kisizunguke. Halafu fungua bolti yenyewe. Watu hufikiri nati ndiyo inashika kila kitu. Bolti ina nyuzi zake ndani ya kishikio, nati inaizuia tu isijifungue.

Upande wa breki kuna kitufe kidogo cha swichi ya taa ya nyuma. Kibonyeze kwa ukucha wakati unatoa na unaporudisha mkono, kinavunjika kirahisi sana. Mkono mpya ukikosa ule uso wa kukibonyeza, taa ya breki itawaka muda wote na betri itakwisha.

Kufunga: paka grisi kidogo kwenye mwili wa bolti na kwenye kichwa cha waya. Rudisha mkono na bolti. Kaza bolti mpaka iguse, kisha sukuma mkono kwa kidole: lazima ucheze wenyewe bila kukwaruza. Hapo ishike bolti kwa bisibisi, kaza nati ya chini, na ujaribu tena. Ukiona umekuwa mzito baada ya nati, bolti imezunguka nayo. Rudia. Hatua hii ina thamani kuliko zote nilizoandika.

Rudisha waya, kisha pima plei, yaani ule mwendo mtupu kabla waya haujaanza kuvuta. Klachi: milimita 2 hadi 3 pale mkono unapokutana na kishikio, ambayo kwenye ncha ni kama 10 hadi 20. Breki ya dramu: takriban 20 hadi 30 kwenye ncha. Ukimaliza, geuza mifereji isipangane tena, kisha kaza ile nati nyembamba na urudishe mpira.

Mchanga_wa_Tabora
Naunga mkono yote, naongeza mawili.

Grisi iwe nyembamba kabisa. Huku kwetu kwa mchanga, na huko kwenu kwa vumbi jekundu la kiangazi, grisi iliyojaa nje inageuka msasa. Futa yote inayochungulia. Na waya usimwagie oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Ina chembe za chuma. Kama waya ni mkavu, tone oili safi kutoka juu mpaka itokee chini. Ukiona uzi hata mmoja umekatika karibu na kichwa, badilisha waya wote.

Pili, kishikio usikikaze kama nati ya gurudumu. Kikaze kiasi kwamba kwa kuendesha hakisogei, lakini ukikisukuma kwa nguvu za mkono mzima kinazunguka. Pikipiki ikianguka, kitazunguka badala ya mkono kukatika. Na ile kichwa ya mviringo kwenye ncha usiikate, hata ikikwaruzika. Iko pale ili mkono usikuchome ukianguka.

Mwanga_Juu
Nashukuru sana wakuu. Nimefunga yote mawili. Breki iko vizuri. Klachi ina tatizo: nikiachia, mkono haurudi wote, unabaki kama sentimita mbili. Na nikisimama taa za barabarani kupata frii (gia huru) ni shida.

Spana_Ujiji
Hayo ni matatizo mawili, usiyachanganye.

Kutorudi: toa waya kwenye mkono, usukume mkono kwa kidole. Ukiwa mzito bila waya, bolti imebana: legeza nati, rudisha bolti nyuma robo mzunguko, kaza nati upya. Ukiwa mwepesi, kosa liko kwenye waya. Angalia umepinda wapi, hasa pale unapopita chini ya tangi.

Frii kugoma: plei imezidi, klachi haiachii. Toa ajasta nje kidogo kidogo hadi ifike milimita 2 hadi 3. Ikiwa nyuzi za juu zimebaki chache, rudisha ya juu ndani na ufanyie kazi ya chini. Usivuke ukaiondoa plei yote. Bila plei klachi inateleza: unapanda kutoka ziwani na abiria, injini inapiga kelele, pikipiki haiendi, na harufu ya kuungua inakuja. Hapo unanunua pleti mpya za klachi.

Jaribio la mwisho: washa ikiwa stendi kubwa, vuta klachi, ingiza gia ya kwanza. Gurudumu la nyuma linaweza kuzunguka polepole, lakini breki ilisimamishe bila injini kuzima. Zungusha usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho; plei isibadilike.

Mwanga_Juu
Ilikuwa bolti. Robo mzunguko tu na mkono umerudi wenyewe. Plei sasa 3, frii inaingia.

Njia_ya_Kasulu
Samahani naingilia. Yangu ya mbele ni ya diski. Nikibadilisha mkono wa breki, nitoe hewa kwenye mafuta ya breki upya?

Mchanga_wa_Tabora
Hapana, kaka. Mafuta ya breki yamefungiwa ndani, mkono unasukuma tu pistoni ya masta silinda (pampu ya breki kwenye usukani) kutoka nje. Usifungue kifuniko. Cha kuangalia ni kimoja: mkono mpya ukiwa umeachiwa, uwe na mwanya mdogo kabla ya kugusa pistoni. Ukiisukuma daima, mafuta hayarudi kwenye chupa, pedi zinabana diski, joto linapanda, na gurudumu linaweza kujifunga barabarani. Ukimaliza, nyanyua gurudumu la mbele ulizungushe kwa mkono, ubane, uachie, uzungushe tena. Likizunguka vilevile kama mwanzo, panda.