Picha za theluji na mto Zermatt mwezi Januari: naombeni mipangilio kwa aliyezoea mwanga wa Ziwa

nyamagana_picha

Wakuu, heshima kwenu. Kuna kazi ya siku sita Zermatt, Uswisi, katikati ya Januari. Mteja anataka mandhari tu: mlima Matterhorn na theluji yake, na mto Matter Vispa unaokatiza kijijini. Vifaa ni kamera ya fremu kamili, lenzi ya 24-70 na ya 70-200, polaraiza (filta ya kukata mng'ao), ND ya kuzungusha (filta ya kupunguza mwanga, ile ya bei ya chini ya kupigia video), tripodi ya alumini na betri mbili.

Mwanga ninaoujua ni wa hapa Mwanza: Jiwe la Bismarck alfajiri, mawe ya Capri Point jioni, basi. Naomba kujua eksposha (kiasi cha mwanga kinachoingia kamerani) niipangeje ili theluji isitoke kijivu wala isiungue, yaani isiwe nyeupe tupu bila undani. Mto niupige kwa shata ya kasi gani? Na baridi inaiathiri kamera kweli, au ni maneno ya watu?

dagaa_wa_fedha

Mkuu, aliyewahi kupiga dagaa waliotandazwa juani kule Igombe ameshakutana na tatizo lako. Dagaa wanang'aa fremu nzima, mita ya kamera inadhani mwanga umezidi, inaushusha, picha inatoka kama majivu. Mita haijui kuwa kitu ni cheupe. Kila inachopimiwa inataka kukifanya kijivu cha katikati. Theluji ndiyo hiyohiyo, ila inajaza bonde zima.

Kwa hiyo weka fidia ya mwangaza. Fremu ikiwa nusu theluji, nusu miti na mawe, anza na +1 (stopu moja, yaani mwanga mara mbili). Ikiwa theluji tupu yenye jua, +1.7. Siku ya mawingu ambapo hakuna kivuli wala mng'ao, unaweza kufika +2. Halafu usiziamini namba hizo, zipime kwenye histogramu (grafu ya mwanga kwenye skrini, giza kushoto, mweupe kulia): kilima cha theluji kikae robo ya mwisho upande wa kulia, kisiguse ukuta. Washa onyo la kupepesa, linalofanya sehemu zilizoungua ziwake na kuzima kwenye skrini. Vidoti viwili vitatu vya barafu vinavyomeremeta vikipepesa, viache. Mteremko mzima ukipepesa, rudi nyuma theluthi moja ya stopu.

Kitu kinachowaponyoka wengi: tumia histogramu ya rangi tatu, siyo ile moja nyeupe. Alfajiri kilele kinapokuwa cha waridi, nyekundu inaungua kwanza huku histogramu ya kawaida ikionyesha mambo ni shwari. Ukifika nyumbani unakuta kilele kina rangi moja bapa, na hata RAW (faili ghafi la kamera) haiokoi.

Waiti balansi (mpangilio wa rangi ya mwanga) usiiache otomatiki. Itaona uwaridi wa asubuhi ni kosa na itausafisha. Funga 5500K, piga RAW, urekebishe baadaye. Vivuli vitatoka vya bluu, na ndivyo vilivyo, maana kivuli cha theluji kinamulikwa na anga peke yake. Punguza bluu kidogo kama inakera, lakini ukiifuta yote theluji inageuka chokaa.

jua_la_magharibi

Nikazie mwanga wenyewe, maana hapo ndipo mtu wa Mwanza anapopotea.

Hapa kwetu katikati ya Januari jua linachomoza kama saa kumi na mbili na dakika 50, linapanda karibu wima, na adhuhuri linafika nyuzi 71 hivi juu ya upeo. Zermatt iko latitudo 46 kaskazini. Wakati huohuo adhuhuri yao jua linafika nyuzi 23 tu. Yaani jua lao la juu kabisa liko sawa na jua letu la saa mbili na nusu asubuhi. Mazoea ya kufunga begi saa tatu yaache hapahapa. Mwanga wa pembeni unakuwepo mchana kutwa, na ndio unaochora mikunjo ya theluji. Theluji iliyomulikwa kutoka nyuma ya mpiga picha haina umbo lolote, ni shuka jeupe. Jitahidi jua liwe ubavuni, au mbele kidogo upande mmoja.

Ubaya ni kwamba jua likiwa chini hivyo, milima inalificha. Kijiji kiko kama mita 1,600 na Matterhorn ina mita 4,478. Kilele kinawaka waridi huku bonde bado lina kivuli kizito, na tofauti kati ya viwili hivyo inaweza kufika stopu 4 au 5. Piga fremu tatu za kuunganisha, zikiachana stopu 2, au tumia filta ya gredi (nusu ya juu ina giza, ya chini ni angavu) ya stopu 3 yenye mpaka laini. Mpaka mkali utakata mlima kama kisu, kwa sababu upeo wa pale haujanyooka kama upeo wa Ziwa.

Simama daraja la Kirchbrücke, mto uko chini yako na mlima mbele. Uwe umeshapanga tripodi saa moja na nusu asubuhi, maana kilele kinapata jua karibu na saa mbili. Kabla ya hapo una zaidi ya nusu saa ya mwanga wa bluu. Sisi tunapata dakika 20 na kidogo. Uso unaowaka asubuhi ni wa mashariki. Mchana ukisogea jua linahamia upande wa mlima wenyewe na unabaki na kivuli cheusi, kizuri kwa umbo lake tu.

Na usimwahidi mteja ile picha ya mlima ukijitazama kwenye ziwa dogo la Riffelsee. Januari ziwa lile limeganda na kufunikwa theluji.

tripodi_na_maji

Mto. Kwanza ujue kuwa maji yake mengi yanatokana na barafu ya milimani kuyeyuka, na Januari hakuna kinachoyeyuka. Utakuta maji machache, masafi, yanapita kati ya mawe yaliyovaa kofia za theluji. Usitarajie mafuriko.

Kosa kubwa ni kuvuta shata sekunde 10 au 20 ili maji yawe maziwa. Kwenye Ziwa inapendeza kwa sababu Jiwe la Bismarck ni jeusi na maji yanakuwa ukungu unaolizunguka. Kwenye theluji unapata maziwa meupe katikati ya kingo nyeupe, na mto unapotea. Kaa kati ya 1/8 na nusu sekunde. Hapo maji yana mistari, na ile mistari ya giza katikati ndiyo inayomwonyesha mtazamaji mto uko wapi.

Mahesabu: bonde likiwa kivulini, ISO 100 (usikivu mdogo wa kamera kwa mwanga) na f/11 (tundu dogo la lenzi) zitakupa shata ya takriban 1/8 ya sekunde. Ongeza polaraiza inayokula stopu 1.5 hivi, unafika theluthi ya sekunde. ND ya nini tena? Jua likishafika mtoni, f/11 inakuwa 1/250, na hapo ND64 ya stopu 6 inakushusha hadi robo sekunde.

Ile ND ya kuzungusha iache. Ni polaraiza mbili zilizobebana. Kwenye 24mm ukiikaza inaweka msalaba mweusi angani, na juu ya theluji hakuna pa kuuficha. Nunua ND64 moja isiyozunguka.

Polaraiza yenyewe igeuze kwa ajili ya maji, siyo anga. Inaondoa mng'ao na kuonyesha mawe ya chini. Ila kwenye miinuko ile anga tayari ni bluu nzito. Ukiikaza yote, na lenzi ni pana, upande mmoja unakuwa karibu mweusi na mwingine umepauka.

Fokasi: usielekeze kwenye theluji tupu, lenzi itahangaika mbele na nyuma kwa kukosa pa kushika. Shika ukingo wa jiwe au shina la mti. Kwa 24mm na f/11, ukifokasi mita 1.8 utapata ukali kuanzia kama mita 0.9 hadi mbali kabisa.

Na miguu yako! Kanyaga mahali ambapo umeshaamua hutapapiga. Nyayo kwenye theluji hazifutiki kwa kusubiri wimbi kama mchangani.

fundi_wa_mkuyuni

Baridi haiharibu kamera, kinachoiharibu ni maji. Chupa ya soda ikitoka kwenye friji hapa Mwanza inatoka jasho, sivyo? Kamera iliyokaa nje kwenye nyuzijoto chini ya sifuri ikiingizwa chumba chenye hita inatoka jasho vilevile, na jasho lile linaingia hadi kwenye vioo vya ndani na saketi.

Kabla ya kuingia mlangoni, ukiwa bado nje, toa memori kadi, kisha tia kamera na lenzi kwenye mfuko wa nailoni unaofungika vizuri na utoe hewa. Ingia nao, uweke mbali na hita, usiufungue kwa saa moja na nusu au mbili. Jasho litakaa nje ya mfuko. Kadi ulishaitoa, unaweza kuangalia picha zako wakati unasubiri.

Betri mbili hazitoshi, chukua nne. Kemia ya ndani inakuwa nzito kwenye baridi, kamera inasoma betri imekwisha wakati bado ina chaji. Weka za akiba mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Iliyozimika ikipata joto itarudi kufanya kazi kidogo. Kwenye ndege za akiba zinakwenda kwenye begi la mkononi, siyo la chini.

Usipulizie lenzi kwa mdomo. Pumzi inaganda juu ya kioo na ukifuta unachubua. Tumia pampu ya mpira. Tripodi ya alumini inanyonya joto la vidole, izungushie sponji na tepu miguu ya juu. Kwenye theluji nene usiipanue hadi mwisho: ikizama, theluji inasukuma miguu nje na kiungo kinaweza kukatika. Ifungue nusu, ikandamize chini, ndipo uisawazishe.

msafiri_wa_moshi

Kwa nini asianze na Kilimanjaro? Theluji ipo, na visa haihitajiki.

jua_la_magharibi

@msafiri_wa_moshi kwa kujifunza eksposha na kubana betri, sawa. Kwa mwanga, hapana. Kilimanjaro iko nyuzi 3 kusini, jua lake ni letu hilihili: saa nne asubuhi liko juu, theluji imeshakuwa bapa. Atajifunza theluji bila kujifunza mwanga wa majira ya baridi.

Mazoezi ya bei ya chini yako Kirumba. Nunua ndoo ya barafu ya kusaga, ile ya kuhifadhia sangara, uitandaze kwenye sinia pamoja na mawe meusi mawili matatu. Ipige saa mbili na nusu asubuhi, jua likiwa ubavuni. Pembe ya jua ni ileile ya adhuhuri ya Zermatt. Jaribu fidia 0, +1, +1.7 na +2, uone kilima cha histogramu kinavyosogea. Fanya haraka tu, isigeuke supu.

nyamagana_picha

Asanteni sana wakuu. ND64 naitafuta wiki hii, na barafu ni Jumamosi. Swali dogo: chaja yangu ni ya plagi ya miti mitatu bapa ya hapa kwetu, Uswisi itaingia?

fundi_wa_mkuyuni

Haiingii. Tundu lao ni la vijiti vya mviringo. Tafuta adapta ya miti miwili myembamba ya Ulaya, ile nyembamba inaingia bila shida. Ile nene ya duara yenye miti minene ndiyo inayogoma, kwa hiyo angalia kabla hujalipa. Na beba ekstensheni moja ya soketi za hapa, uchomeke kwenye adapta hiyo moja, maana una betri nne za kuchaji usiku mmoja.