Kuosha vyombo wakati wa likizo: kuna somo la kiroho, au tunalilazimisha?

Kijana wa Likizo aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, na likizo hii ndefu nimeimaliza nikiosha vyombo katika jiko la hoteli, baada ya kukosa kazi ya ofisini niliyoitamani. Kiongozi wetu wa vijana ameniomba nitoe ushuhuda juu ya yale ambayo Mungu amenifundisha huko, nami nina siku tatu sasa naikodolea macho karatasi tupu. Nilianza kuandika kwamba masizi ni dhambi na sabuni ni neema, lakini nilipojisomea kwa sauti niliona haya, kwa kuwa nilipokuwa mbele ya sinki sikuiwaza neema hata kidogo. Niliwaza saa ya kutoka.

Ninalolikumbuka zaidi si la kujivunia. Usiku mmoja, kwa uchovu, niliificha sufuria iliyoungua chini ya nyingine ili mtu wa zamu ya asubuhi aikute. Aliyeikuta ni mama mmoja mtu mzima. Aliisugua, akaitundika mahali pake, na tulipopishana mlangoni jioni yake akanisalimu kama siku zote. Niambieni basi, kuna somo hapo?

Mzee wa Zamu alijibu:

Mwanangu, mfano wa masizi uache, haukuwa wako tangu mwanzo. Ushuhuda wako ni hiyo sufuria. Soma Yohana 13 taratibu, usiishie pale Yesu anapojifunga kitambaa kiunoni. Endelea mpaka kwa Petro anayekataa kutawadhwa. Tukisikia habari hiyo, wengi wetu hujiweka upande wa anayeosha, nasi tukaona kwamba funzo lote ni kujishusha na kutumika. Petro taabu yake ilikuwa nyingine: hakuweza kuvumilia kuoshewa na aliyemzidi. Wewe uliajiriwa kuosha, kisha ukaoshewa, na nadhani ndiyo sababu salamu ya mama yule imekukaa kooni kuliko karipio lolote ambalo msimamizi angekupa.

Msomaji wa Kale alijibu:

Naongeza jambo moja kutoka historia ya Kanisa, kwa sababu linagusa jiko moja kwa moja. Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto aliwaandikia watawa wake Kanuni, na sura ya 35 inahusu zamu za jikoni, ambazo watawa walipokezana kila wiki. Aliyemaliza wiki yake alifanya usafi siku ya Jumamosi na kufua vitambaa ambavyo ndugu walijifutia mikono na miguu. Kisha yeye pamoja na anayeingia zamu waliwaosha wote miguu. Vyombo alivirudisha kwa mtunza ghala vikiwa safi na vizima, naye mtunza ghala akamkabidhi anayeingia, ili ijulikane kilichotolewa na kilichopokewa. Sura ya 31 inamtaka mtunza ghala huyo aviangalie vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare.

Kinachonivutia ni kwamba Benedikto hakuishia kwenye maneno mazuri juu ya altare. Alijua kwamba hata mtawa, akichoka, anaweza kumwachia mwenzake sufuria iliyoungua (inaelekea aliwahi kuwaona wa namna hiyo), na kwa hiyo akaweka utaratibu wa makabidhiano.

Dada Mkweli alijibu:

Nakubaliana na waliotangulia, ila naomba tahadhari. Katika ushuhuda wa namna hii hatutakosa kusikia Wakolosai 3:23, kwamba lolote tufanyalo tulifanye kwa moyo, kama kwa Bwana. Maneno hayo waliandikiwa watumwa, na aya chache mbele, katika 4:1, mabwana nao wanaagizwa kuwapa watumwa wao yaliyo haki. Naye Yakobo 5:4 anasema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Mdogo wangu, ikiwa hotelini kuna saa ambazo hamkulipwa, usizifunike kwa aya ya unyenyekevu mbele ya vijana ambao kesho nao watatafuta kazi.

Kijana wa Likizo alijibu:

Asanteni sana. Malipo nimepewa yote, dada, ingawa mama yule ameniambia kwamba haikuwa hivyo sikuzote, na hilo nitamwomba anieleze vizuri kabla sijalitaja kanisani.

Mzee wangu, sikuwahi kujifikiria kama Petro. Nimejaribu kuandika upya nikianzia kwenye sufuria, nikakwama kwenye sentensi ya pili, kwa sababu nilitambua kwamba nakwenda kuwasimulia watu mia moja jambo ambalo yeye mwenyewe sijamwambia. Zimenibakia zamu mbili. Kesho nitafika mapema, kabla hajavua aproni.