Naomba ushauri wa haraka: karani wa sensa anakuja Jumanne

Mama wa Mbagala: Ndugu zangu, mjumbe amepita akitutaka tujiandae kwa Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022. Nyumba yangu ina watu wengi na moyo wangu hautulii. Je, ni lazima karani aelezwe kila anayelala humu?

Mzee wa Tandika: Ni lazima, mama. Anahesabiwa kila aliyelala hapo usiku wa kuamkia Jumanne, awe mwenyeji, mgeni au mtoto mchanga. Mwaka 2012 mimi nilihesabiwa nikiwa nyumba ya wageni Morogoro. Karani aliniuliza umri, elimu na kazi kwa adabu, tukaagana.

Binti Kigamboni: Inasikitisha kwamba sisi wa mjini tunalalamikia uhaba wa madarasa na zahanati, ilhali karani akibisha hodi tunafunga mlango. Serikali itapangaje huduma za watu isiowajua?

Fundi Seremala: Mama, hujasema hao watu wengi ni akina nani.

Mama wa Mbagala: Ni wapangaji. Vyumba ni sita, kila kimoja kina familia na jiko lake la mkaa mlangoni. Nimekwisha kuwaambia waseme ni ndugu zangu, kwa sababu nasikia safari hii hata majengo yatahesabiwa, nami kodi ya pango sijawahi kulipa. Msinihukumu, mume wangu alifariki, na nyumba hii ndiyo inayosomesha wanangu.

Mzee wa Tandika: Pole sana, mama. Hata hivyo, wanaopika na kula mbali mbali ni kaya tofauti, na ukiwaunganisha utaharibu hesabu ya mtaa mzima. Makarani wanakula kiapo cha kutunza siri, na Sheria ya Takwimu inakataza kutoa taarifa za mtu mmoja mmoja. Kodi ni jambo jingine, ukalimalize na wanaohusika nalo.

Mpita Njia: Kisa hiki kimetungwa. Mjane, wapangaji, kodi, kisha jibu la sheria likiwa tayari! Huyu ametumwa kuhamasisha.

Binti Kigamboni: Hata kama kimetungwa, nyumba za namna hiyo zimejaa Dar es Salaam nzima.

Mama wa Mbagala: Sijatumwa na mtu. Mpangaji wa chumba cha mwisho amekataa kusema uongo. Mwanawe ana ulemavu wa miguu, naye anataka mtoto huyo aandikwe kwa jina lake na hali yake. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nikiwaachia kila mmoja ajibu ya kwake, inatosha?

Mzee wa Tandika: Inatosha. Mkuu wa kila kaya anajibu mwenyewe, na anayewahi kazini amwachie mtu mzima majina, umri na namba za vitambulisho vya taifa. Waambie leo, kabla Jumanne haijafika.