Wakili wa uhamiaji kakalia barua yangu siku 70, sasa ananidai hela ya kuijibu

Wakuu, hili jambo nimekaa nalo wiki kadhaa nikijiambia nitulie, mambo ya makaratasi hayataki hasira. Nimeshindwa. Leo natoa povu. Mods naomba msiuunganishe na ule uzi wa bahati nasibu ya viza, haya ni mengine.

Nipo Houston, Marekani. Nabeba maboksi, na simaanishi kwa mafumbo, nafanya kazi ghala. Nilioa mwishoni mwa 2021, mke wangu raia wa huku, na Februari 2023 nikapata grini kadi ile ya masharti, ya miaka miwili. Kwa wasioijua: kama siku unapopewa ukaazi ndoa yenu haijatimiza miaka miwili, hupewi ya miaka kumi moja kwa moja. Siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha, wewe na mwenzako mnapeleka fomu I-751 kuonyesha kwamba mnaishi kama mke na mume na hamkuoana kibiashara. Ikikataliwa, ukaazi unafutwa na unaitwa mbele ya jaji wa uhamiaji. Kwa hiyo si karatasi ya kufanyia utani.

Kuna kaka mmoja namheshimu sana, tulikutana kwenye arobaini ya mzee wetu mmoja hapa mjini. Akaniambia, "Mdogo wangu, hiyo usiichezee mwenyewe. Nenda kwa yule wakili, mimi ndiye aliyenivusha." Nikaenda. Bei dola 3,500, mbali na 750 za serikali. Nikatoa 1,500 pale pale, zilizobaki nikawa nalipa kidogo kidogo miezi minane. Ovataimu zangu zote ziliishia kule.

Wakili mwenyewe nimeonana naye dakika 20, siku ya kulipa. Baada ya hapo ni msaidizi wake, na huyo msaidizi wamebadilishwa watatu. Pale mapokezi yupo dada Mkenya, mstaarabu tu, lakini jibu lake ni moja: "Pole kaka, wakili ako kortini, atakupigia." Nilianza kuhesabu. Kwa hesabu yangu huyu bwana alikuwa kortini mara kumi na moja, mbili kati ya hizo Jumamosi.

Januari fomu ikaenda, risiti ikaja, ile barua inayoongeza uhai wa kadi miezi 48. Nikashukuru Mungu nikaendelea na maisha. Machi tukahama nyumba. Nikapiga simu ofisini kutoa anwani mpya, nikajibiwa, "Sawa, tutashughulikia." Hapa wakuu nakubali nusu ya kosa ni langu. Sheria inasema ukihama uwajulishe uhamiaji ndani ya siku 10, unajaza mwenyewe mtandaoni, bure, dakika kumi umemaliza. Mimi nikasema nimeshalipa mtu, ya nini kujisumbua. Hawakushughulikia.

Sasa Septemba 19, Ijumaa, niko mapumziko kazini na chapati yangu, nikasema ngoja niingize namba ya risiti kwenye tovuti ya USCIS, idara ya uhamiaji ya huku, nione. Nakuta wameandika kwamba Julai 8 walituma barua ya kuomba ushahidi zaidi, hii watu wanaiita RFE. Julai 8! Chapati ilinikwama. RFE ya namna hii unapewa siku 84, na 3 za posta. Na hiyo ni siku ya majibu kufika mikononi mwao, si siku ya kuyapeleka posta. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la pili, ikaangukia Oktoba 3.

Nikapiga simu. Wakili ako kortini.

Jumatatu sikwenda kazini. Saa mbili na nusu asubuhi niko mlangoni kwao kabla hawajafungua. Yule dada akatafuta kwenye kompyuta, hakuna. Akatafuta kabatini, hakuna. Akaanza kuniambia labda barua haijafika. Nikamwambia, "Dada yangu, mimi leo sitoki hapa." Akaingia ndani, akakaa karibu saa nzima, akarudi na faili la kijani. Barua yangu ilikuwa ndani ya faili la mtu mwingine! Ndugu mmoja Mkongo ambaye jina letu la pili linafanana. Na muhuri wa ofisi yao wenyewe uko juu kulia, imepokelewa Julai 14. Siku 70 imelala humo. Faili alilifungua mbele yangu, ukurasa wa kwanza nikaona mambo ya talaka ya yule ndugu, nikageuza macho. Sasa nyie niambieni, ya kwangu nani ameyasoma?

Utauliza kwa nini barua ilienda kwao. Nami niliuliza. Siku ya kwanza unasaini fomu inaitwa G-28, ndiyo inayompa wakili ruhusa ya kukuwakilisha. Ndani yake kuna kiboksi cha kusema barua halisi zitumwe ofisini kwake. Nilipewa rundo la karatasi zenye vibandiko vya njano, saini hapa, saini hapa, na kile kiboksi kilikuwa kimeshawekwa alama. Nakala yangu mimi ilienda nyumba ya zamani, kwa mtu nisiyemjua.

Kwa hiyo zimebaki siku 11. Wakaniambia msaidizi mpya "ataiangalia" Alhamisi. Nikabeba barua yangu nikaondoka.

Usiku nne mfululizo mimi na mke wangu mezani. Ritani za kodi tulizojaza pamoja, mkataba wa nyumba, bima ya gari yenye majina mawili, bili za umeme, akaunti ya benki mwezi kwa mwezi. Picha tukachagua za miaka tofauti, mojawapo mke wangu yuko Tanga na mama yangu, wamekaa kwenye mkeka wanachambua mchele, hawaelewani lugha ila wanacheka. Kaka yake na jirani wakatuandikia viapo. Saa saba usiku skena ya maktaba tuliyoazima imegoma, mke wangu ananiuliza, "Hivi huyu tulimlipa afanye nini?" Sikuwa na jibu. Kurasa 214. Barua yao halisi ya RFE tukaiweka juu kabisa kama inavyotakiwa, Septemba 29 nikatuma kwa posta ya kufika kesho yake, yenye namba ya kufuatilia. Septemba 30 ikapokelewa. Sasa nasubiri.

Wiki iliyofuata, Oktoba 6, inaingia imeili kutoka kwa wakili. Nikasema labda ni samahani. Bili! Dola 1,200 za "kujibu RFE", kwa sababu mkataba wetu haukujumuisha RFE. RFE niliyoijibu mimi! Chini kuna mchanganuo, "mawasiliano na mteja, saa 0.4". Mawasiliano gani? Yale ya mimi kusimama mapokezi?

Nikatoa dola 200 nikamwona wakili mwingine, nusu saa. Huyu wa pili ndiye kaniongezea hasira. Mimi Februari mwakani natimiza miaka mitatu ya ukaazi, na ukiwa umeoa raia na mnaishi pamoja unaruhusiwa kuomba uraia kwa fomu N-400, hata siku 90 kabla ya kutimiza. Wa kwanza aliniambia haiwezekani mpaka I-751 ijibiwe. Kumbe inawezekana I-751 ikiwa bado iko mezani, ila uraia hawakupi mpaka nayo iamuliwe. Na ukijaza mwenyewe mtandaoni unalipa 710 za serikali, basi. Yule alitaka 2,000 juu yake.

Najua kuna watakaokuja na "rudi nyumbani ulime". Pita tu mkuu, leo sina nguvu zako. Na sisemi mawakili wote wezi, kesi yenye jinai au ya kufukuzwa nchini usiende peke yako hata kidogo. Lakini namba ya risiti kaa nayo wewe, na kila wiki ichungulie.

Bili sijalipa na silipi. Nimeandika barua kumuondoa kwenye kesi na kudai faili langu lote, nimeituma kwa posta ya kusainiwa. Asipojibu naenda chama cha mawakili cha jimbo lililompa leseni.

Wa Texas mliowahi kudai faili likatoka, ilichukua siku ngapi? Na kuna anayemfahamu huyo ndugu Mkongo? Jina sitaliandika hapa. Kama wewe ni Mkongo, uko Houston na wakili wako naye ako kortini kila siku, njoo PM.