Katuni fupi za zamani zinaonekana ajabu kwenye TV ya ukumbi, faili ndiyo mbovu?

Mdau wa Buruburu:
Hamjambo wadau. Jumamosi saa nane mchana tunawaonyesha watoto wa miaka 6 hadi 12 katuni fupi za zamani, ukumbi wa mtaa hapa Buruburu. Tuna TV ya inchi 55, laptopu na saa moja tu. Tulipojaribu, picha iliteleza kama tamthilia ya runinga, sura zikatanuka, na Gertie, yule dinosau wa katuni bubu, akawa mbio mbio huku mawe ya nyuma yakitetemeka. Tatizo ni faili? Na zipi zinafaa kwa watoto wasiojua lugha za huko zilikotoka?

Fundi Skrini:
Faili haina neno, anza na TV. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde, lakini katuni nyingi zilichorwa 12 tu, kila mchoro ukipigwa mara mbili. TV inaona mapengo, inajitungia picha za katikati ambazo hakuna mchoraji aliyezichora. Ingia mipangilio ya picha uizime: Samsung huiita Auto Motion Plus, LG TruMotion, Sony Motionflow. Zima na Noise Reduction, kwani hufuta mistari myembamba ya penseli ikidhani ni uchafu. Kisha rudisha umbo la picha la zamani, 4:3. Weusi wa pembeni uache hivyo hivyo. Zoom usiiguse, inakata vichwa na miguu.

Shabiki wa Penseli:
Hayo mawe tafadhali msiyatibu! Winsor McCay alipotengeneza Gertie mwaka 1914, mandhari ilichorwa upya kwenye kila karatasi, kwa maelfu. Mkono haurudii mstari ule ule, ndiyo maana jiwe linaonekana kama linapumua. Mbio ni jambo jingine: filamu bubu ya picha 16 kwa sekunde ikichezwa kwa 24, dakika 12 zinakuwa 8. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, shusha kasi hadi 0.67, na kama hapo inakwenda polepole mno jaribu 0.75. Zima sauti. McCay mwenyewe alisimama jukwaani kando ya skrini akimwamrisha, basi mtafutieni msomaji mwenye sauti: "Gertie, inua mguu!" Anapogombezwa akalia, watoto watamhurumia kweli.

Mama Filamu:
Fungueni na fuko wa Zdeněk Miler kutoka Chekoslovakia, Krtek. Ile ya kwanza ya 1957 ina maneno. Chukueni za baadaye, ni vicheko na miguno tu. Ya Moustapha Alassane wa Niger, Bon voyage Sim ya 1966, ina rais chura, wakubwa kidogo wataifurahia zaidi. Filamu ya Neighbours ya Norman McLaren msiwawekee wadogo: dakika 8, lakini kipigo cha mwisho ni kikali.

Hedgehog in the Fog ya Norstein, 1975, iwekeni katikati, wakiwa wametulia. Ni kalunguyeye, si nungunungu, msije mkawachanganya. Ina dakika kama 10 na msimulizi wa Kirusi, hivyo mtu atafsiri kwa sauti ya chini. Ukungu ule ni karatasi nyembamba iliyolazwa juu ya picha, ikainuliwa kuelekea kamera kidogo kidogo, picha moja moja, mpaka kalunguyeye akafifia.

Mdau wa Buruburu:
Asanteni sana. TruMotion imezimwa, picha imetulia. Ila ukungu wenyewe ni kijivu kitupu, farasi mweupe haonekani.

Fundi Skrini:
Hiyo ni jua la saa nane. Tundikeni mablanketi mazito madirishani, TV iwekeni Movie au Cinema, kisha simamisheni pale farasi anapotokea na mpandishe Brightness hatua moja moja hadi mgongo wake ujitenge na ukungu. Mkiuona, acheni hapo.